Matairi Mapya, Usukani Unatetemeka

Leo nazungumza na wewe unayeendesha gari, na pia na wewe unayepanda tu, kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wote waliomo ndani.

Mtu amebadilisha matairi yote manne. Amelipa fedha ambazo kwa familia nyingi zingetosha ada ya muhula mzima. Mjini gari linakwenda vizuri, hana la kulalamika. Mwisho wa wiki anatoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, anaiacha Kibaha nyuma, foleni inapungua, mshale unapanda kutoka 80 kwenda 90, na usukani unaanza kutetemeka mikononi mwake. Akipunguza mwendo, unatulia. Akiongeza, unaanza tena. Jumatatu anarudi kwa fundi aliyemfungia matairi, naye anamjibu: "Bosi, hizo mpya bado, zitazoea."

Jibu hilo silikubali, na ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Gari ambalo halikuwa likitetemeka jana, likafungwa matairi leo, likaanza kutetemeka, linasema kwamba kuna kazi haikumalizika. Mwenye gari ana haki ya kurudi na kazi ikarudiwa. Lakini atasikilizwa zaidi akirudi na maelezo kuliko akirudi na hasira, na maelezo hayo anaweza kuyakusanya yeye mwenyewe barabarani, bila kifaa chochote cha gereji.

Kwanza tutenganishe usumbufu na hatari. Mtikisiko unaoanza kwenye mwendo mkubwa na kubaki vilevile leo na kesho ni usumbufu. Unahitaji kurekebishwa, ila unakupa nafasi ya kufika gereji. Lakini gari likiyumba kwenye mwendo wa 20 au 30, au mtikisiko ukizidi kila baada ya kilomita chache, au ukisikia kitu kinagonga chini kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, usiendelee hata kama umebakiza kilomita mbili kufika. Weka gari kando, weka pembetatu, shuka na spana ya magurudumu. Anza na nati.

Nati hulegea kwa sababu za kawaida kabisa. Gari likiwa bado juu ya jeki, fundi huzikaza kidogo kwa mkono ili azimalizie likishashuka. Anaitwa na mteja mwingine, anasahau. Au kulikuwa na kutu na udongo uliokauka kati ya rimu na habu, hakuna aliyeusugua, nati zikakazwa juu ya uchafu huo. Gari linapotembea uchafu unasagika, pengo linabaki, na nati iliyokuwa imebana inakuwa haibani tena. Gurudumu lililolegea huanza kwa kutikisa gari na huishia kwa kukatika stadi na gurudumu kutoka. Nikiambiwa nitaje jambo moja tu katika mazungumzo haya, nitataja hili.

Ukikuta nati ziko sawa na gari bado linayumba kwenye mwendo mdogo, angalia tairi lenyewe. Zungusha kila moja likiwa limeinuliwa, utazame uso wake na ubavu wake. Ukiona uvimbe, au uso wa tairi unapanda na kushuka wakati wa kuzunguka, mara nyingi nyuzi au tabaka za ndani zimeachana. Tairi hilo halibalansiwi. Linavuliwa na kurudishwa dukani, na safari inaendelea kwa tairi la akiba.

Sasa tuje kwenye ule mtetemo wa mwendo wa 90, ambao ndio unaowapata watu wengi. Chukua tairi la 195/65R15, saizi inayovaliwa na Premio na Allion nyingi hapa kwetu. Likizunguka mara moja, gari limesogea karibu mita mbili. Kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu hilo linazunguka takriban mara 14 katika kila sekunde. Tuseme ukingo mmoja wa rimu una uzito uliozidi kwa gramu 30, kiasi ambacho mkononi ni kidogo sana. Mtoto aliyewahi kuzungusha jiwe lililofungwa kwenye kamba anajua jinsi linavyovuta kwa nguvu kuliko uzito wake. Katika mwendo huo wa 100, gramu 30 zile zinalivuta gurudumu kwa nguvu ya karibu kilo 4 na nusu, juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kwa sekunde. Kwenye mwendo wa 50 nguvu hiyo haishuki nusu, inashuka hadi robo, yaani kilo moja na kidogo. Ndiyo maana mjini, ambako sheria inakutaka usizidi 50 na matuta hayakuachii hata kuifikia, huwezi kuhisi chochote.

Kuna jambo jingine hapo linalowachanganya madereva. Mtetemo unaanza kwenye 85 au 90, unakuwa mkali kwenye 100, halafu mtu anasema, "Nikifika 120 unapotea." Ni kweli, anachosema si cha kufikirika. Gurudumu pamoja na springi na shokapu zake vina mtikisiko wao wa asili, na katika magari madogo mengi huo ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mzunguko wa gurudumu ukilingana na huo, kosa dogo linakuzwa. Ukipita, linafifia mikononi. Kosa halijaondoka. Linaendelea kuchosha beringi na bolijointi, na anayekimbilia 120 ili kuukwepa mtetemo anajiongezea hatari juu ya ubovu.

Nilisema unaweza kukusanya maelezo mwenyewe. Tafuta kipande cha lami nzuri, kisicho na mabaka, muda ambao barabara haina magari mengi, na uwe na mtu pembeni wa kuandika ili macho yako yabaki mbele.

Angalia mtetemo unakaa wapi. Ukiwa kwenye usukani, anza kushuku magurudumu ya mbele. Usukani ukiwa umetulia lakini kiti na sakafu vinatetemeka, na maji kwenye chupa yanacheza, shuku ya nyuma. Si sheria isiyovunjika, ila mara nyingi inakupeleka panapostahili.

Kisha kanyaga breki taratibu. Kama mtetemo unakuja tu unapofunga breki, suala ni diski zaidi kuliko balansi. Hata hapo usimwondoe fundi wa matairi kwenye hesabu, kwa sababu nati zilizopigwa na bunduki ya upepo, moja imekazwa kupita kiasi na nyingine kidogo, huweza kuipinda diski.

Baadaye chunguza kama injini inahusika. Wenye magari mengi ya otomatiki ya Toyota wanakijua kile kitufe cha O/D, yaani overdrive, pembeni ya gia. Ukiwa kwenye 90 na mtetemo upo, kibonyeze ili taa ya O/D OFF iwake. Injini itapandisha mzunguko, lakini magurudumu yatabaki kwenye mwendo uleule. Mtetemo usipobadilika, injini haina kosa. Kwa gari la gia za mkono, tumia gia ya chini yake kwa mwendo uleule, upate jibu hilohilo. Na kama mtetemo unakuja unapokanyaga mafuta na unaisha unapoachia, basi tazama jointi za ekseli za mbele, au propela kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Propela huzunguka mara tatu, nne zaidi ya gurudumu, kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka, unasikika kama mngurumo kuliko mtikisiko unaoweza kuuona.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji zaidi ya jeki na spana ya magurudumu. Hamisha magurudumu mawili ya mbele uyapeleke nyuma, ya nyuma uyalete mbele, halafu urudi barabarani kwa mwendo uleule. Mtetemo ukihama kutoka kwenye usukani kwenda kwenye kiti, kosa liko kwenye magurudumu hayo mawili na umelithibitisha. Ukibaki palepale, gari lenyewe lina la kujibu. Nusu saa ya kazi kama hiyo imewaokoa watu wengi wasinunue shokapu ambazo gari halikuzihitaji.

Tukishajua ni magurudumu, tunarudi kwenye mashine ya balansi, na hapa naomba uniazime sikio kwa muda mrefu kidogo. Watu wengi huamini kwamba mashine ikishaonyesha sifuri, hakuna la kubishana. Mashine haidanganyi, ila inajibu kile ilichoulizwa. Fundi lazima aiambie vitu vitatu: kipenyo cha rimu, upana wake, na rimu iko mbali kiasi gani kutoka kwenye mashine. Akiacha vipimo vya gari lililotangulia, mashine itampa hesabu ya gurudumu jingine, na itaishia kwenye sifuri isiyo ya kwako.

Kubwa zaidi ni jinsi gurudumu linavyokaa kwenye mhimili wa mashine. Linashikwa kwa koni inayoingia kwenye tundu la katikati ya rimu. Tundu likiwa na kutu au tope, au koni ikiwa si ya saizi yake, gurudumu linakaa upande kidogo. Unaweza kuuliza, kidogo kiasi gani? Gurudumu la kilo 16 likisogea nusu milimita tu kutoka katikati, hilo peke yake ni sawa na kosa la zaidi ya gramu 40 ukingoni mwa rimu. Mashine italisahihisha kosa hilo kwa uaminifu, itaagiza vipande vya uzito vibandikwe, itaonyesha sifuri. Gurudumu likifungwa kwenye gari, pale linapokaa katikati kweli, vipande vile vinageuka kuwa kosa lenyewe. Mtu aliingia na tairi zuri, akatoka na gramu 40 alizozilipia.

Kuna njia rahisi ya kulikamata hili, na mteja yeyote anaweza kuiomba kwa heshima. Mashine ikishaonyesha sifuri, fundi alegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko bila kuugusa mhimili, alikaze, alizungushe tena. Ikionyesha sifuri au gramu 5, kazi ni nzuri. Ikionyesha 20 au 30, halikuwa limekaa katikati, na kazi ianze upya kwa kusafisha tundu. Ni dakika moja kwa kila gurudumu. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia ukimwomba. Wapo wanaoifanya bila kuombwa, na hao wateja wao huwatafuta hata wakihama mtaa.

Ukiwa umesimama hapo, tazama pia kama vipande vya uzito vya zamani vimeng'olewa vyote kabla ya kupima. Viliwekwa kwa ajili ya tairi lililotolewa, na tairi jipya halina deni navyo. Tazama ndani ya rimu kama tope limesuguliwa. Wakati wa masika, tope lililokauka upande mmoja wa rimu linatosha kuyumbisha gari, na likimeguka njiani baada ya balansi, hesabu yote inaharibika.

Halafu kuna namna tairi lilivyokaa kwenye rimu. Karibu na ukingo wa rimu, ubavuni mwa tairi, utaona mstari mwembamba uliochongwa kuzunguka pande zote. Umbali kati ya mstari huo na rimu unatakiwa kuwa sawa kila mahali. Ukiona mahali mstari umezama, tairi halijakaa. Lilivalishwa bila maji ya sabuni ya kutosha, au upepo haukulisukuma likafika. Gurudumu la namna hiyo ni duara lenye kasoro, na hakuna kipande cha uzito kitakacholifanya duara kamili. Litolewe upepo, lipakwe sabuni, lijazwe tena. Na likishakaa, upepo urudishwe kwenye kiwango cha gari lako. Mafundi hupandisha hadi paundi 40 hivi ili tairi likae, wakasahau kushusha, na mwenye gari akadhani matairi mapya ni magumu. Kiwango chako kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandika kwa kilopaskali. 220 ni takriban paundi 32.

Baadhi ya matairi mapya huja na nukta za rangi ubavuni. Nukta ya njano inaonyesha sehemu iliyo nyepesi zaidi, na huwekwa karibu na valvu, kwa kuwa hapo rimu ina uzito wa ziada. Nukta nyekundu inaonyesha pale ambapo tairi linasukuma kwa nguvu zaidi kuliko kwingine, na hulinganishwa na alama ya sehemu ya rimu iliyozama zaidi kuelekea katikati, kama rimu ina alama hiyo. Fundi anayezizingatia hutumia uzito mdogo kubalansi. Ukikuta gurudumu moja limebandikwa gramu 90 au 100 huku mengine yana 20, mwombe alitoe upepo, aligeuze tairi nusu mzunguko juu ya rimu, apime upya. Mara nyingi uzito utashuka. Usiposhuka, tairi au rimu ina kasoro, na hapo tena si suala la balansi.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Ipo hali moja ambapo lile jibu la "zitazoea" lina ukweli ndani yake. Tairi lililobeba gari lililosimama muda mrefu, kwa mfano gari lililokaa melini na bandarini wiki kadhaa, hupata ubapa pale lilipogusana na ardhi. Asubuhi linatikisa, likipata joto la safari linarudi duara. Likishatembea kilomita 20 au 30 kwenye lami na mtikisiko ukawa palepale, maelezo hayo yamekwisha muda wake. Tazama pia umri wa tairi uliloambiwa ni jipya. Namba nne za mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka sita likipigwa na jua si jipya, hata kama vinywele vyake vya mpira bado vipo.

Kama ulibadilisha na rimu siku hiyohiyo, ukavaa spoti rimu, kuna ukaguzi mwingine. Tundu la katikati la rimu za dukani mara nyingi lina milimita 73.1 ili zitoshe magari mengi, wakati habu za Toyota nyingi ndogo ni 54.1. Pengo hilo hujazwa kwa pete maalumu. Zisipowekwa, gurudumu linategemea nati peke yake ili likae katikati. Na nati nazo zinatofautiana. Rimu za chuma za Toyota hutumia nati zenye mdomo wa koni, ilhali rimu nyingi za spoti zilizokuja na gari kutoka kiwandani hutumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Ukihamisha rimu bila kuhamisha nati zake, zitakaza, zitaonekana sawa, na hazitashika zinapotakiwa kushika.

Hapa niseme jambo ambalo halitawafurahisha wote. Alaimenti haitibu mtetemo. Gari linalovuta kushoto, usukani uliokaa upande barabara ikiwa imenyooka, matairi yanayolika upande mmoja, hayo ni ya alaimenti, na inafaa uifanye ukiweka matairi mapya ili yadumu. Lakini mtu anayelalamikia mtetemo wa 90 akauziwa alaimenti, anaondoka na usukani ulionyooka unaoendelea kutetemeka. Haki ni kumwambia mapema.

Na kama magurudumu yote yamethibitika, ndipo gari liingie kwenye shimo likaguliwe tairodi, bolijointi, bushi na beringi. Matairi ya zamani, laini na yaliyolika, huweza kuficha bushi iliyokufa, mapya yakaifichua. Kwa hiyo fundi anaweza kuwa sahihi akisema kosa liko kwenye gari. Akuonyeshe. Ashike gurudumu juu na chini alitikise mbele yako, ashike kulia na kushoto alitikise, na uone kwa macho kinachocheza kabla hujatuma pesa kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua spea.

Unapomrudia, mpe maelezo yako yote kwa mpangilio: mtetemo unaanza 88, uko kwenye usukani, breki haziubadilishi, O/D haiubadilishi, tulipohamisha magurudumu ulikwenda kwenye kiti. Fundi akipewa hayo ameshapunguziwa nusu ya kazi. Peleka na risiti, na kwa chaki weka alama kwenye gurudumu unalolishuku.

Kila gurudumu linalovuliwa kwa ukaguzi huu, habu yake isuguliwe kwa brashi ya waya, nati zianzwe kwa vidole gari likiwa juu, zikazwe kwa kupishana na si kwa kufuatana duara, na zimalizwe kwa spana ya kipimo gari likiwa chini. Toyota ndogo nyingi zinataka takriban nyutoni mita 103. Baada ya kilomita 50 hadi 100, magurudumu yakiwa yamepoa, pitia kila nati tena, hata kama gari limetulia kabisa.